Nukta kwenye Kadi ya Yusra

Kwamsisi nzima ilijua kwamba ukitaka kumkasirisha Mashavu, mwambie dawa zake ni majani. Majani ni chakula cha mbuzi, angekujibu, na mbuzi hajawahi kumponya mtoto wa mtu. Dawa ni jani, na mkono uliolichuma, na saa lilipochumwa, na aliyekufundisha. Yeye alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi yake, na wote watatu walikuwa na kazi moja tu, watoto. Watu wazima wenye majini yao na biashara zao zilizokwama aliwafukuza waende kwa waganga wa mabango, wale wanaoandika namba za simu kwenye nguzo za umeme. Mashavu alishika watoto, hasa wa degedege. Akiletewa kuku alishukuru, asipoletewa alinyamaza, ingawa hakusahau.

Wala hakuwa mjinga. Hili tuliseme mapema, maana wapo watakaotikisa kichwa na kusema, ah, watu wa vijijini hao. Mtoto akija kwake anaharisha damu, alimrudisha mlangoni: "Huyu wa zahanati, msinipotezee muda." Aliyevunjika mfupa, zahanati. Yeye mwenyewe alimeza kidonge cha presha kila asubuhi na chai yake ya rangi, tena akimkumbusha jirani ameze chake. Kitu kimoja tu hakikupatana naye, sindano kwa mtoto mwenye degedege, na chuki hiyo ilikuwa na kaburi lake.

Kaburi lenyewe ni la Ukasha, mwanawe wa kwanza. Alishikwa na degedege akiwa na mwaka na nusu, siku ambazo Mashavu alikuwa bado mama kijana asiyejua dawa yoyote. Baba wa mtoto aliwapakia kwenye baiskeli wakakimbilia zahanati, mtoto macho yamegeuka, mwili umekakamaa kama ukuni. Mganga wa zahanati wa siku hizo akamchoma sindano. Pale palipofutwa kwa pamba palikuwa bado pabichi, Ukasha akakata roho. Mama yake Mashavu hakumlaumu mtu. Baada ya arobaini alisema tu kwamba mtoto aliyepitiwa na ndege, maana ndivyo wazee wanavyoiita degedege wasipotaka kuitaja, hachomwi chuma. Pengine ni malaria iliyomuua Ukasha, na ilikuwa imekwisha kumuua tangu wakiwa njiani. Pengine. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu hakuiona malaria. Aliiona sindano.

Baada ya hapo mimba mbili ziliharibika, kisha akazaliwa Husna, na baada ya Husna hakuzaliwa mwingine. Mashavu alimlea mwanawe huyo wa pekee kwa adabu ya zamani. Husna alisoma mpaka kidato cha nne, akajua kompyuta kidogo na cherehani sana, lakini shikamoo ya mama yake hakuiruka hata siku moja. Hata akipiga simu kuomba msaada, hata akipiga analia, kwanza shikamoo, halafu kilio.

Alilia sana mwaka ule. Mume wake alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na alipoyapata inaonekana hakuona sababu ya kuyarudisha nyumbani, maana simu yake ikawa haipatikani. Husna akabaki na binti mchanga, Yusra. Mtoto alipofika miezi minane, kazi ikapatikana Korogwe mjini, kushona sare za shule kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi, Mehnaz. Mehnaz alikuwa mwema, ila hakuzungusha maneno. Alisema duka ni dogo, na mtoto anayetambaa atameza vifungo vyote. Kwa hiyo Yusra akaletwa Kwamsisi kwa bibi yake, yeye na kifuko cha unga wa lishe na kadi yake ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, zote nimempeleka mwenyewe," Husna alisema siku ya kuondoka. "Imebaki hii ya surua, akitimiza miezi tisa. Nakuachia wewe. Usinipitishie."

"Sawa."

"Nitataka kuiona kadi. Mama Upendo jirani ana simu ya kupangusa, atanipigia picha anitumie."

"Umeanza lini kutoniamini?"

"Nakuamini, mama. Kama sikuamini ningemwacha mtoto?"

Mashavu alikuwa na nia ya kutimiza. Tusimsingizie. Alihesabu siku kwa vidole na akamfulia mtoto gauni la kwendea kliniki. Zikiwa zimebaki siku nane, Yusra akapata homa mchana kweupe, na katikati ya homa macho yakapanda juu, mikono ikakunjamana, na povu likatoka pembeni mwa mdomo.

Haikuchukua muda mrefu kuliko kuchota ndoo ya maji. Lakini Mashavu alimwona Ukasha mzima mzima juu ya ule mkeka. Mikono yake ikafanya kazi inayoijua. Alimwagia mtoto maji ya vuguvugu, akamfukiza, akachukua wembe mpya na kumchanja chale ndogo saba, kifuani na kwenye viungo vya mikono, akasugulia unga mweusi ambao hata Husna hajui umechanganywa nini. Jioni Yusra alikuwa anakunywa uji. Na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu dawa ile ina mwiko wake, nao ni kwamba chuma cha dawa hakifuatwi na chuma kingine mpaka mtoto asimame dede kwa miguu yake mwenyewe. Ukichoma kabla, umeufungua mlango ulioufunga, na ndege akirudi harudi kwa mzaha.

Angeweza kumpigia Husna na kumwambia. Hakumpigia. Alijua jibu: mpeleke. Na ni rahisi kuvunja amri uliyopewa mara moja kuliko kuivunja baada ya kuambiwa tena kwa herufi kubwa. Alikaa na jambo hilo siku tano, presha ikimpanda, mpaka mama Upendo alipokuja kulia barazani kwake.

Mama Upendo ndiye Bernadina, Msambaa wa Lutindi, aliyeolewa nyumba ya pili. Mwanawe Upendo alimzidi Yusra siku kumi tu, lakini kwa mwili alimzidi karibu mtoto mzima, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo. Kilio chenyewe kingekuwa cha kuchekesha kama kisingekuwa kilio. Kadi ya kliniki ya Upendo ilikuwa imeliwa na mbuzi.

"Yote?"

"Amebakiza kipande chenye jina la kijiji. Bibi, siendi kliniki mimi. Yule nesi Filomena si unamjua mdomo wake? Mwezi uliopita mama mmoja alipoteza kadi, akaulizwa mbele ya watu, mumeo naye ukimpoteza utakuja kuomba mwingine? Watu wakacheka mpaka akaondoka. Mimi nikisema mbuzi kaila, nitaimbwa mpaka Handeni."

Mashavu alimtazama Upendo aliyekuwa ananyonya ngumi. Akamtazama Yusra kwenye mkeka, chale zake bado hazijafunga vizuri. Mmoja alihitaji sindano na hakuwa na kadi. Mwingine alikuwa na kadi, na sindano ilikuwa mwiko. Wanawake wawili wenye akili timamu, wasiomtakia mtu mabaya, waliliona jambo lile kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

"Bibi, si dhambi?" Bernadina aliuliza hatimaye.

"Dhambi ya nini, na mtoto anachanjwa?"

"Na Yusra?"

"Yusra akisimama dede nampeleka mwenyewe. Nitasema kadi imepotea, waniandikie mpya. Mimi ni mtu mzima, atanicheka nani?"

Mashavu hakumpeleka Upendo siku ya kliniki ya kijiji chao, ambako kila mwanamke angemjua. Alisubiri kesho yake, Filomena alipohamia kitongoji cha mbali, akatembea saa nzima na mtoto wa watu mgongoni ndani ya kanga ya Yusra. Huko walimjua yeye Mashavu, lakini mtoto hawakumjua, na watoto wa umri ule wana sura moja mpaka uwe mama yao.

Filomena alikuwa peke yake na akina mama arobaini, deli la barafu la chanjo miguuni, mizani imening'inizwa kwenye boriti ya kibanda. Akamtia Upendo kwenye kaptula ya mizani, akasoma, akafungua kadi ya Yusra, akasoma tena.

"Bibi, huyu mwezi jana alikuwa kilo sita na pointi nane, yuko kwenye kijivu, uzito pungufu. Leo tisa na pointi moja. Unamlisha nini?"

"Uji."

"Uji tu? Jamani, nyie mnaosema hamna cha kuwapa watoto, mwoneni bibi huyu." Akaweka nukta ya wino wa bluu juu kabisa, ndani ya rangi ya kijani, mbali na nukta nyingine zote, na akina mama wakapiga makofi. Mashavu aliona aibu, na chini ya aibu aliona fahari pia, ingawa haikuwa yake. Sindano ilipoingia kwenye paja la Upendo, yeye ndiye aliyefumba macho.

Jioni hiyo Bernadina alituma picha. Husna alipiga kabla giza halijaingia.

"Shikamoo mama. Mama, kilo tisa? Umemnenepesha mwanangu kiasi hicho?" Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Nimemwonyesha Mehnaz. Kasema nikuulize huo uji unapikwaje."

"Marahaba," Mashavu alisema. "Unapikwa tu."

Tangu siku hiyo kazi ya Mashavu ikawa moja, kumfundisha mtoto kusimama. Asubuhi alimshika makwapani, dede, dede, akamwachia, mtoto akakaa. Mchana alimwegemeza kwenye kigoda, akamwonyesha kipande cha kiazi, dede, dede, mtoto akakaa akacheka. Yusra alikuwa mwembamba na miguu yake haikuwa na haraka. Wajukuu wa wenzake wote walisimama bila kufundishwa, huyu aliyetakiwa kusimama ndiye aliyeona raha ya kukaa.

Kwenye wiki ya tano, surua ikaingia. Ilianza na watoto wawili wa familia iliyotoka harusini, ikaenda kwa majirani zao, ikawa gumzo kisimani. Filomena alipita na pikipiki na kipaza sauti akitangaza kwamba mtoto yeyote ambaye hajachanjwa aletwe zahanati mara moja, hata kama kadi imepotea, hata kama imeliwa na panya. Aliposema panya Bernadina alimtazama Mashavu kwa juu ya ua, na Mashavu akatazama chini.

"Bibi, mpeleke tu," Bernadina alisema. "Mimi nakuomba."

"Kesho kutwa atasimama. Jana kasimama nusu."

"Nusu ndiyo nini, bibi?"

Mashavu akamwegemeza mtoto kwenye kigoda. Alikuwa anaogopa vitu viwili, na alichagua kukiogopa kile alichokwisha kukiona.

Yusra alisimama siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Aliachia kigoda mwenyewe, bila kiazi, akasimama dede katikati ya ua, mikono imenyooshwa pembeni, akimtazama bibi yake kwa mshangao, kama ni mtu mwingine aliyesimama. Mashavu alihesabu mpaka tano. Akapiga kigelegele, akamrukia, akamnyanyua, mdomoni tayari ana neno la kumwambia Bernadina kwamba kesho asubuhi wanakwenda zahanati. Shavu la mtoto likagusa shingo yake. Lilikuwa la moto. Alipomgeuza kwenye mwanga aliona macho yamekuwa mekundu na kamasi inachuruzika.

Alimpeleka siku ya pili, na kwa hilo apewe haki yake. Zahanati ilikuwa imejaa. Filomena alikuwa amewagawa watoto mabenchi mawili. Upande wa mlangoni walikaa wa surua, hao walipewa matone ya vitamini A na kuandikiwa barua ya hospitali wakizidiwa. Upande wa ndani walikaa wengine. Alimshika Yusra kidevu, akamwangalia macho, akasikiliza kikohozi. Upele ulikuwa bado haujatoka. Kwa mkono wa pili akachukua kadi.

"Kwa macho haya ningesema surua," alisema, akipekua. "Lakini huyu kachanjwa. Sahihi yangu hii hapa, nimemchoma mwenyewe. Ndiye huyu, bibi?"

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Akina mama waliompigia makofi kule kitongojini, wawili walikuwa wamekaa pale pale. Mashavu alikuwa na maneno, yote yalikuwa tayari kinywani, tena hayakuwa mengi.

"Ndiye," alisema.

"Basi itakuwa mafua makali. Na amekonda, hiyo homa imemkausha. Ukiona anapumua kwa shida umrudishe haraka." Akampa dawa ya maji ya homa na ya kikohozi, akamwonyesha benchi la ndani.

Upele ulitoka kesho yake nyuma ya masikio, ukashuka usoni. Mashavu aliujua kama anavyoujua mlango wake. Alimlaza chumbani penye kiza, akampa togwa ili upele utoke wote nje usigeukie ndani, akamwosha kwa maji ya mwarobaini. Mara tatu alishika kanga ya kumbebea na mara tatu akaiweka, kwa sababu kurudi zahanati ilikuwa ni kurudi kwenye lile neno moja. Siku ya tano mbavu za Yusra zilianza kuingia ndani kila alipovuta pumzi. Bernadina, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu, akampigia Husna.

Husna alifika mchana kwa bodaboda kutoka barabara ya lami, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo mama," alisema, akipita bila kusubiri marahaba, akamnyanyua mwanawe. Akasimama. Alimpima kwa mikono kama mama anavyopima.

"Mbona mwepesi hivi?"

"Homa, mwanangu. Imemmaliza."

Walimpeleka hospitali, huko huko Korogwe. Daktari alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kazi. Alimwekea mtoto hewa ya oksijeni na dripu, kisha akakaa na kadi mkononi. Alisema inaonekana ni surua na imeshuka kwenye mapafu. Alisema pia kuna jambo linamsumbua.

"Wiki saba zilizopita alikuwa kilo tisa na pointi moja. Leo ni sita na nusu. Mtoto hapungui hivi kwa surua peke yake. Mama, umewahi kupima?"

Husna alielewa anaulizwa kupima nini. Alinyoosha kidole achomwe, pale pale mbele ya mama yake, na wakasubiri majibu. Hakuwa na virusi. Wakampima mtoto kifua kikuu, wakampiga picha, wakatafuta ugonjwa mkubwa uliokula kilo mbili na pointi sita ambazo hazikuwahi kuwepo.

"Lakini si alichanjwa?" Husna aliuliza. "Daktari, si alichanjwa? Imeandikwa."

"Chanjo inawakinga wengi sana, mama. Wachache sana huwa haiwashiki. Hutokea."

Mashavu alikuwa kwenye benchi moja na mwanawe, bega lake linagusa bega la Husna. Alifungua mdomo. Husna akainama akaanza kulia, na Mashavu akamshika kichwa akakiegemeza kifuani, na mdomo ukajifunga. Alijiambia, mtoto akipona nitasema. Mtoto akipona, maneno haya yatakuwa madogo.

Yusra alifariki Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Alizikwa Kwamsisi karibu na Ukasha.

Msibani maneno hayakosi. Siku ya kwanza yalisemwa kwa kunong'ona, siku ya tatu kwa sauti. Kumbe alichanjwa. Kachanjwa, kapigiwa makofi, kilo tisa, na surua imemchukua. Sasa sindano ya nini? Mwingine akasema labda ni hiyo hiyo sindano iliyompa. Mehnaz alikuja na gari kutoka Korogwe kuleta pole na gunia la mchele, akakaa chini mkekani na wenzake, akamwambia Husna apumzike mpaka roho itulie. Roho haikutulia. Ilipata kazi.

Husna alianza kuzunguka na kadi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaifungua, akaonyesha sahihi na nukta. "Mimi siongei ya kusikia," aliwaambia. "Mimi sikukimbia kliniki. Mwanangu alichomwa zote, na hii ndiyo ya mwisho. Someni wenyewe." Alikuwa msomi wao, hajawahi kusema uongo, na alikuwa amezika. Nani angembishia? Filomena alikuja kumpa pole akafungiwa mlango. Siku ya kliniki iliyofuata alikaa chini ya kibanda na deli lake mpaka saa saba mchana, walikuja wanawake watatu. Na surua ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa inapita kwenye nyumba moja moja, haina haraka, inajua watu wapo.

Kila asubuhi Husna alitoka chumbani, akapiga goti mbele ya mama yake jikoni, akasema shikamoo mama, kisha akachukua kadi na kutoka. Mashavu aliitikia. Alikuwa hapiki dawa tena. Mama mmoja alimleta mtoto wa degedege, naye akamwambia mpeleke zahanati, mikono yangu inauma.

Bernadina alikuja siku ya Alhamisi asubuhi, Husna akiwa ameondoka. Hakukaa.

"Mtoto wa wifi yangu anatoka upele. Hajachanjwa. Nilimwambia ampeleke wiki mbili zilizopita, akaniambia, wewe humwoni Yusra? Bibi, Upendo wangu alilala mkeka mmoja na Yusra, akanywa kikombe kimoja naye, na hata chafya hakupiga. Mimi ndiye ninayejua kwa nini. Mimi na wewe."

"Nikisema, sina mtoto tena."

"Najua. Mimi nikisema nitafukuzwa hapa, nirudi Lutindi na mwanangu mgongoni. Lakini bora aambiwe na wewe. Ni mwanao." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi. Hiki kimekuja mara moja. Kinarudi tena kwa wengine, nasi tumekaa."

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Husna alikuwa amesimama kwenye njia panda ya kwenda kibandani, kadi mkononi, na wanawake kama kumi wamemzunguka na watoto wao, wengine wamekwisha kugeuza. Mashavu alikuja na Bernadina nyuma yake, Upendo mgongoni. Wanawake wakampisha kwa heshima ya msiba. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakamtoka.

"Husna, nipe hiyo kadi."

Husna akampa. Mashavu hakujua kusoma, lakini mahali pale alipajua. Aliweka kidole.

"Hii nukta si ya Yusra. Ni ya huyu." Akamwonyesha Upendo. "Aliyepimwa ni huyu. Aliyechomwa ni huyu. Yusra alipitiwa na ndege, nikamtia chale, nikaogopa chuma kingine. Nilimpeleka mtoto wa watu kwa kadi ya mwanao. Yusra hakuchomwa. Sindano haikushindwa. Haikumfikia."

Husna alichukua kadi. Alitazama mstari wa nukta, moja baada ya nyingine, nukta nane za siku alizompeleka mwenyewe, kisha ile ya tisa iliyoruka juu peke yake, ile aliyoicheka na kuililia kwenye simu. Akamtazama Upendo, mapaja yale yenye mikunjo. Mtoto akamnyooshea mkono, maana alimjua.

"Pale hospitali," Husna alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "daktari aliposoma kadi. Waliponitoboa kidole. Wewe ulikuwa umekaa wapi, mama?"

"Pembeni yako."

Husna akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akamgeukia Bernadina, akamwekea kadi mkononi. "Mpelekee nesi. Hii sindano ni ya mwanao, aiandike kwa jina lake. Na usiiache mbuzi akaifikia." Kisha akawaambia wale wanawake, bila kumtazama yeyote, "Pitani. Nendeni." Akasogea pembeni ya njia, akasimama kwenye majani, nao wakapita mmoja mmoja kuelekea kibandani. Walipofika kwa Mashavu walipunguza mwendo, na wengi waliwafunika watoto wao kanga kichwani.

Asubuhi ya pili Mashavu aliamka mapema akakoka moto. Alisikia zipu ya begi chumbani. Alisikia bodaboda ikisimama nje, dereva akisubiri bila kupiga honi. Alivuta kigoda akakaa pale anapokaa siku zote, karibu na mlango, ili mtu anayetoka asipate pa kupita bila kumkuta. Husna alitoka na begi begani. Alisimama kidogo mbele yake, kiasi cha mtu kupiga goti kama anataka kupiga. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaruka miguu ya mama yake, akatoka.

Mashavu alingoja mpaka mlio wa pikipiki ukapotea kabisa upande wa barabara ya lami.

"Marahaba," alisema, na akaendelea kuchochea moto.